Sifa za mpenzi kwa Kiswidi zisipitie mlango wa Kiingereza

MWANAFUNZI wangu wa zamani, ambaye sasa anaishi na kufanya kazi jijini Göteborg nchini Uswidi, alinipigia simu usiku mmoja mwezi uliopita. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefiwa.

"Mwalimu," akaniambia, "huyu dada ananiacha. Nimekuwa nikimwambia nampenda, yeye leo amenijibu ati ana maoni kunihusu."

Nilimwomba anisomee ujumbe wenyewe neno kwa neno. Ulikuwa mfupi: *Jag tycker så mycket om dig.* Nikamuuliza amejuaje kwamba maana yake ni "nina maoni mengi kukuhusu". Akasema ameitoa katika orodha fulani ya maneno matamu ya kumsifu mpenzi kwa Kiswidi, iliyokuwa ikisambazwa kwa simu miongoni mwa vijana wetu walio huko. Nilimwambia anitumie hiyo orodha kabla hajafanya uamuzi wowote.

Orodha ilinifikia asubuhi. Ina semi hamsini, Kiswidi upande wa kushoto na Kiswahili upande wa kulia. Aliyeiandaa hakujitaja, nami sina haja ya kumtafuta. Nimekaa Uswidi muhula mmoja tu, na Kiswidi changu ni cha kuombea maji, lakini kilitosha kunionyesha tatizo. Nimeamua kuihakiki hapa kama ninavyohakiki kitabu chochote, kwa sababu makosa yake si ya Kiswidi peke yake. Ni makosa tunayoyafanya kila siku tunapotafsiri.

Tuanze na neno dogo kabisa, *fin*. Orodha inasema *Du är fin* maana yake ni "Uko sawa". Mtu akimwambia mpenzi wake "uko sawa" anamliwaza au anamuuliza kama amepona homa. Kosa limetoka wapi? Limepitia Kiingereza, ambacho kina neno linalofanana na hilo kwa umbo na ambalo mara nyingi sisi hulitafsiri kama "sawa". Mwandishi hakutoka Uswidi kuja Mombasa. Alishukia London akabadilisha ndege, na mzigo ukapotea huko. Tushukuru tu kwamba hakuandika "faini", mpenzi akadhani anatakiwa mahakamani.

Kwa Waswidi, *fin* ni neno pana na la upole. Nguo huwa *fin*, hali ya hewa huwa *fin*, na mtu huwa *fin* kwa sura na kwa tabia. Mwanamke akitoka chumbani amevaa vizuri tayari kwa mtoko, mwenzake humwambia *Vad fin du är!* Kiswahili tuna neno linalolingana na hilo barabara, nalo wala si kivumishi bali ni kitenzi: "Umependeza!" Hapo hapahitajiki Kiingereza hata chembe. Lakini katika semi hamsini za orodha hii, kitenzi "kupendeza" hakimo hata mara moja. Kila sifa imefungwa katika kiunzi cha "wewe ni" fulani, kana kwamba tunajaza fomu ya kitambulisho.

Kosa la pili ni la hatari zaidi, kwa sababu linageuza adabu kuwa utovu wa adabu. *Du är söt* imetafsiriwa "Wewe ni mtamu". Ni kweli kwamba *söt* ni neno la sukari na matunda. Lakini likimwelekea mtu, linasema kwamba anavutia kwa namna ya kupendeza na isiyo na makuu. Bibi huweza kulisema kuhusu mjukuu wake, hata kuhusu mtoto wa mbwa. Sasa mwambie mwanamke wa Pwani mbele ya watu kwamba yeye "ni mtamu" uone utakavyotazamwa! Utamu wa mtu katika Kiswahili ni habari ya chumbani. Kijana akizoea kwamba "mtamu" ndiyo tafsiri ya *söt*, siku atakapotaka kumfunza mpenzi wake Mswidi Kiswahili, atampa neno hilo amsifu nalo mama mkwe. Hapo ndipo tutakapojua kama upatanishi wa wazee bado unafanya kazi.

Sehemu ya majina ya mapenzi nayo ina vituko vyake. *Min skatt* imetafsiriwa "kodi yangu". Nilicheka peke yangu kama mwehu. Neno *skatt* kwa Kiswidi lina maana mbili: hazina na kodi. Asasi inayotoza kodi nchini humo inaitwa *Skatteverket*, na bila shaka mwandishi alikuwa amepokea barua yake karibuni. Mpenzi ni hazina. Na sisi tunalo jina la namna hiyohiyo: kipusa. Watu wengi humwita msichana mrembo "kipusa" bila kukumbuka kwamba kipusa ni pembe ya kifaru, mali iliyouzwa kwa bei ghali. Mwenye "kipusa" mdomoni hakupaswa kuhangaika na "kodi".

Kuna pia *gumman*, ambalo orodha inalitafsiri "mwanamke mzee" na kuweka onyo kwamba lisitumiwe kabisa. Onyo lina nusu ya ukweli. Asili ya neno ni hiyo ya bibi kizee, lakini Waswidi humwita hivyo mke, mpenzi, na hata mtoto wa kike wa miaka miwili. *Gubben*, yaani mzee, huitwa mume au mvulana mdogo. Je, hili ni geni kwetu? Ni nyumba ngapi za Kenya ambamo mtoto wa kike anaitwa "mama" au "shosho", na kavulana kasichojua kufunga kamba za viatu kanaitwa "mzee" au "baba"? Tunampa mdogo jina la mkubwa ili tumkumbatie kwa heshima. Msomaji wa Kiswahili angeelewa *gumman* kwa sentensi moja kama angeelezwa kupitia "shosho". Onyo lililofaa ni jingine: mwanamume asiyemjua mwanamke, au bosi ofisini, akimwita mwanamke mzima *gumman*, anamshusha. Hilo nalo tunalijua. Konda wa matatu anapomwita abiria "mama" huweza kuwa anamstahi, huweza pia kuwa anamwambia asogee haraka.

Nilitarajia angalau sarufi iwe imetendewa haki, kwa kuwa hapa ndipo Kiswahili kina la kujivunia. Orodha ina *Du har vacker ögon* na *Din leende är vacker*. Zote mbili ni mbovu. Nomino za Kiswidi zimegawanyika katika makundi mawili, ya *en* na ya *ett*, na kivumishi pamoja na kimilikishi hufuata kundi la nomino na wingi wake. Sauti ni ya kundi la *en*, kwa hiyo tunasema *Din röst är vacker*. Tabasamu ni la kundi la *ett*, kwa hiyo *Ditt leende är vackert*. Macho ni wingi, kwa hiyo *Du har vackra ögon*.

Sasa tazama Kiswahili: sauti yako ni nzuri, tabasamu lako ni zuri, macho yako ni mazuri. Kimilikishi kinabadilika kulingana na kitu kinachomilikiwa, na kivumishi kinafuata. Kiingereza hakifanyi hivyo. Neno lake la "-ako" halibadiliki, liwe la sauti, tabasamu au macho. Mtu aliyelelewa na ngeli, aliyechapwa darasa la tano kwa kusema "tabasamu yako", ana sikio tayari la kusikia kwamba *din leende* ina kasoro. Lakini sikio hilo limezibwa kwa sababu mwandishi alilala katika Kiingereza njiani, akaamka amesahau ngeli zake.

Vivyo hivyo kwa semi za mshangao. Orodha inatoa *Hur vacker du är!* kwa maana ya "Jinsi ulivyo mrembo!" Mswidi ataelewa, lakini atakuwa kama anayesubiri sentensi imalizike, kwa kuwa *hur* hapo inasikika kama mwanzo wa maelezo mengine. Mshangao hujengwa kwa *vad* au kwa *så*: *Vad vacker du är! Så vacker du är!* Umbo la *hur* limekopwa moja kwa moja kutoka Kiingereza. Na upande wa Kiswahili, "Jinsi ulivyo mrembo!" nayo imekopwa hukohuko. Mbona mtu asiseme tu "Umrembo wewe!" au "Mashallah!"?

Orodha pia imezichanganya lugha za jirani. Semi mbili nina shaka ziliokotwa kutoka Kinorwe. Lugha hizi zinasikilizana kama Kiamu na Kimvita, na kwa sababu hiyohiyo zinategeana mitego. *Rar* kwa Mswidi ni mtu mpole na mwema. Kwa Mnorwe ni mtu wa ajabu, asiyeeleweka. *Rolig* kwa Mswidi ni mcheshi. Kwa Mnorwe na Mdenmaki ni mtulivu. Orodha imetafsiri *Du är rar* "Wewe ni kituko". Kijana wa watu angesifiwa na mpenzi wake kwa upole, akahesabu ametukanwa.

Halafu kuna suala la uzito wa sifa. Mwandishi anapendekeza *fröken* kama neno la heshima la kumwita mpenzi, labda kwa kudhani linalingana na "bi". Siku hizi *fröken* utalisikia zaidi kutoka kwa watoto wa shule wakimwita mwalimu wao wa kike. Waswidi waliachana na vyeo katika mazungumzo ya kila siku mwishoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1967 Bror Rexed, mkuu wa idara ya taifa ya tiba, aliwatangazia wafanyakazi wake kwamba angewaita wote *du*, yaani "wewe", na tukio hilo likawa alama ya mageuzi yote. Kwa hivyo Mswidi akikwambia *du* hajakukosea heshima kama ambavyo "We!" ya Kiswahili huweza kufanya. Hapo tunatofautiana kwelikweli, na tofauti ya kweli ndiyo iliyohitaji kuelezwa. Orodha haisemi neno.

Kinyume chake, orodha inaona tofauti mahali pasipo na tofauti. Inadai kwamba Waswidi "hawajui kusifu" kwa sababu husema *inte illa* (si vibaya) au *inte dum* (si mjinga) wakati wamependezwa sana. Jamani! Mswahili akiulizwa kuhusu harusi iliyomkosesha usingizi kwa raha, si hujibu "si haba"? Kusifu kwa kukanusha ni ufundi wetu wa tangu jadi. Na vijana wetu wanaposema "umependeza vibaya" au "huyo dem ni mrembo mbaya", wana wenzao Stockholm wanaosema *skitsnygg*, ambapo kiambishi cha mwanzo ni neno la chooni nisiloweza kulitafsiri katika ukurasa huu. Maana ni ileile: uzuri umepita mpaka hadi maneno mazuri yameisha.

Nimeisema vibaya orodha hii vya kutosha. Haki inanitaka nijiseme na mimi.

Miezi mitatu kabla ya simu ile, kijana huyuhuyu alikuwa ameniomba ushauri. Alitaka sifa ya kumwandikia mpenzi wake siku ya kuzaliwa, "kitu cha Kiswahili asilia, Mwalimu, si hizi za mtandao." Nami, kwa kiburi cha mtu anayefundisha ushairi, nikamtungia: "Wewe ni kipande cha ini langu." Kwetu ini ni makao ya hisia. Mtu hukatwa maini kwa uchungu, na mtoto ni kipande cha ini la mamaye. Kijana akaipeleka kwa Kiswidi vilevile: *Du är en bit av min lever.* Dada wa watu anajua ini kama kitoweo. Kuna rojo la ini, *leverpastej*, linalopakwa juu ya mkate wakati wa kiamshakinywa katika nyumba nyingi za huko. Nasikia aliuliza, kwa upole sana, kama ni utani wa Kikenya.

Kosa langu halikuwa la kupitia Kiingereza. Nilikwenda moja kwa moja, lakini nilibeba kiungo cha mwili badala ya kubeba hisia. Waswidi wameiweka hisia hiyo moyoni, na humwita mpenzi au mtoto *hjärtat*, yaani "moyo". Ini letu hutafsirika kwa moyo wao. Mtafsiri anayejua lugha mbili bila kujua meza zake za chakula ataaibika tu, awe profesa au awe mwandishi wa orodha isiyo na jina.

Turudi sasa kwa ujumbe uliomkosesha kijana usingizi, maana hapo ndipo orodha ilipotaka kuvunja nyumba. *Tycka* peke yake ni kuona au kuwa na maoni. *Tycka om*, mkazo ukiwekwa kwenye *om*, ni kumpenda mtu au kitu kwa moyo mkunjufu. Mkazo ukihamia kwenye *tycker*, kama katika swali *Vad tycker du om maten?*, unaulizwa maoni yako kuhusu chakula. Msomaji wa Kiswahili hatashangaa. Sisi pia tuna barabara ya magari na barabara ya "sawasawa", na mkazo ndio unaozitenganisha. Lakini katika maandishi mkazo hauonekani, na orodha haikuutaja.

Jambo zito zaidi ni kwamba Kiswidi kimeigawa ramani ya mapenzi vipandevipande. Kuna *gilla* na *tycka om* kwa kupendezwa na mtu. Kuna *hålla av*, la kumjali na kumthamini. Kuna *vara kär i*, hali ya aliyezama penzini. Na juu yake kuna *älska*, ambalo wengi hawalitamki haraka. Hata hilo lina mlango wa pembeni: ukiongeza *med*, yaani "na", linakuwa tendo la faragha, kama vile "kulala" kunavyobadilika kukiwa "kulala na".

Kiswahili kimeweka haya yote katika kitenzi kimoja. Napenda chai, napenda Gor Mahia, nampenda mama, nakupenda wewe. Si umaskini wa lugha. Tuna kuhusudu, kuashiki na kuhibu kwa anayezitaka. Ila katika maisha ya kila siku tunamwachia msikilizaji kazi ya kujua ni pendo lipi.

Nilimweleza kijana haya yote kwenye simu. Nikamwambia kwamba *så mycket*, yaani "sana", katika ujumbe ule halikuwa neno la mtu anayefunga virago. Nikamsihi aende wakazungumze ana kwa ana, bila orodha mkononi.

Alinipigia tena baada ya siku mbili. "Mwalimu, kumbe alikuwa ananingoja mimi."

Ilikuwaje? Kwa miezi yote hiyo kijana alikuwa akimalizia kila ujumbe kwa "Nakupenda". Dada akatafuta maana ya "kupenda" akakuta kuwa neno hilo hutumika kwa mtu na kwa chai vilevile. Akalipa tafsiri iliyoonekana salama: *tycka om*. Basi naye, kwa heshima na kwa hofu ya kumtangulia, alikuwa akimjibu kwa kipimo kilekile alichodhani amepimiwa, akiongeza *så mycket* ili kumsogeza kidogo. Kila mmoja alikuwa amesimama kizingitini akisubiri mwenzake aingie kwanza. Kilichowazuia ni tafsiri mbili, moja kwa kila upande, na hakuna aliyekuwa amezikagua.

Kwa hivyo, kwa vijana wetu walio huko na kwa yeyote anayependa kwa lugha ya ugenini, nina ushauri mchache. Msitegemee orodha zisizo na mwenyewe. Akademia ya Uswidi, iliyoasisiwa mwaka 1786, imeziweka kamusi zake mtandaoni kwenye svenska.se bila malipo, na zinaonyesha jinsi maneno yanavyotumika. Kwa upande wa Kiswahili, wapo wataalamu waliojenga daraja kati ya lugha hizi muda mrefu, akiwemo Abdulaziz Lodhi, mzaliwa wa Zanzibar aliyefundisha Kiswahili kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Uppsala. Pitieni daraja hilo. Mkikosa neno, ulizeni ngeli zenu na misemo yenu kabla ya kukimbilia Kiingereza. Na mkikosa kabisa, muulizeni mpenzi mwenyewe. Hakuna kamusi inayomjua kuliko yeye.

Kuhusu ini, nimeliondoa katika mashairi yangu ya kupeleka ng'ambo. Kijana ananiambia mpenzi wake sasa humwita *leverpastej* kila asubuhi wanapoketi mezani, na kwamba katika nyumba hiyo ndilo jina tamu kuliko yote. Hiyo haimo katika orodha, wala sitashauri mtu aiandike humo.